Bilauri ya Uwatu na Suala la Kipimo

Kila usiku kabla ya kulala, mama yangu hutia vijiko viwili vya chai vya uwatu katika bilauri, huumiminia maji yaliyochemshwa na kupoa, huifunika bilauri kwa kisahani, kisha huiweka juu ya kabati la vyombo. Alfajiri, akishaswali, punje zile huwa zimevimba na kulainika, na ukizikoroga kwa kijiko maji huvutika kama ute wa bamia. Huyanywa yote pamoja na punje zake, akizitafuna taratibu kwa uso uliokunjamana kidogo, maana uchungu wa uwatu hauzoeleki hata baada ya miaka. Ikifika adhuhuri, jasho lake hunukia uwatu, na kanga zake pia.

Sisi wa Tanga tulikuwa tukiujua uwatu kwa kazi nyingine. Ni kitu cha mzazi: hutiwa katika uji wa mwanamke aliyejifungua ili maziwa yapatikane. Ulipoingia nyumbani kwetu kwa jina la dawa ya sukari, nilikuwa wa kwanza kuutilia shaka. Leo siutilii shaka tena, ila pia siuiti tiba, na makala haya ni maelezo ya namna nilivyofika hapo. Nimeyaandika kwa ajili ya watu wenye mzazi, mwenzi au ndugu anayeishi na kisukari, ambao kila wiki hupokea ujumbe mpya wa simu unaotaja jani, gome au mbegu inayomaliza ugonjwa huo.

Kabla ya bilauri kulikuwa na chupa. Mama alikuwa katika mwaka wake wa tatu wa kisukari aina ya pili, anatumia metformini asubuhi na jioni, na vidonge vile vilikuwa vikimsumbua tumbo. Hilo ni jambo linalojulikana sana kuhusu dawa hiyo, na mara nyingi hupungua iwapo mgonjwa ataimeza pamoja na chakula au ataanza na kiasi kidogo kinachoongezwa polepole, lakini hakuna mtu aliyekuwa amemweleza hivyo. Siku moja alirudi kutoka sokoni na chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, iliyobanduliwa karatasi, ikiwa na kitu cha rangi ya chai ya mkandaa iliyokolea. Muuzaji alimwambia kwamba ndani yake kuna mizizi ya miti saba na kwamba katika siku 40 kongosho lake lingeamka. Mama akaviweka vidonge vyake katika kopo la biskuti, akaanza kunywa, na hakumwambia mtu.

Katika wiki ya tano alianza kuamka usiku mara tano, mara sita, kwenda haja ndogo. Kiu haikukatika. Gauni lake la kila siku lilianza kumpwaya. Nilipofika nyumbani na kumtoboa kidole, mashine haikuandika tarakimu yoyote; iliandika herufi mbili tu, HI. Mashine nyingi za kupimia sukari nyumbani huandika hivyo pale sukari inapozidi milimoli 33.3 kwa lita, yaani imevuka pale mashine yenyewe inapoishia kuhesabu. Tulilala hospitalini siku nne, na huko ndiko tulikogundua kidonda kidogo katikati ya vidole vya mguu wake wa kushoto, ambacho yeye mwenyewe hakuwa akikisikia.

Muuguzi aliyetupokea hakumgombeza. Alimuuliza maswali matatu: mama, ulikuwa ukinywa nini, kiasi gani, na kwa siku ngapi? La kwanza hakuweza kulijibu, kwa kuwa muuzaji alikuwa amesema majina ya miti ni siri ya wazee. La pili alilijibu kwa kuweka kidole ubavuni mwa kikombe cha hospitali, akakishusha kidogo, akakipandisha tena, akasema, "Hapa hivi, mwanangu." Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote likaanza kunikaa moyoni kwa namna nyingine. Kiswahili kina neno moja, kipimo, kwa kile tunachomfanyia mgonjwa maabara, kwa kiasi cha dawa anachopewa, na kwa kiasi cha unga unaochotwa kupikia ugali. Chupa ile haikuwa na kipimo kwa maana yoyote kati ya hizo tatu.

Ninataja jambo hili mwanzoni kwa sababu mjadala wa mimea na kisukari hupotoshwa na pande mbili. Wapo wanaosema mimea ni ushirikina wa watu wasiosoma, na wapo wanaosema vidonge ni sumu ya viwandani na mimea ni zawadi safi ya Mwenyezi Mungu. Historia ya kidonge kile kile ambacho mama alikificha katika kopo la biskuti inawakosoa wote.

Metformini ina asili katika mmea. Ulaya na Asia ya Magharibi huota mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya zambarau au meupe, unaoitwa kitaalamu Galega officinalis, ambao waganga wa Ulaya waliutumia kwa karne nyingi. Ndani yake mna kemikali za kundi la guanidini, na mwaka 1918 ilionekana kwamba guanidini hushusha sukari katika damu ya wanyama. Kemikali ya mmea wenyewe, galegini, ilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1920, lakini nafasi kati ya kiasi kinachosaidia na kiasi kinachodhuru ilikuwa finyu mno. Mmea huo huo huua kondoo wanaoula: ulipelekwa jimbo la Utah nchini Marekani mwaka 1891 ili uwe chakula cha mifugo, na leo serikali ya huko inauhesabu kuwa gugu la hatari. Kilichofanyika ni kwamba wanakemia walichukua umbo la kemikali ile na kulibadilisha. Mwaka 1922, Emil Werner na James Bell waliitengeneza metformini mjini Dublin, na mwaka 1957 Jean Sterne, daktari wa Paris, akachapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa wa kisukari. Marekani haikuiidhinisha hadi mwishoni mwa mwaka 1994. Miongo saba ilipita kati ya meza ya wanakemia wa Dublin na idhini hiyo, na sehemu kubwa ya kazi iliyofanyika katikati ilikuwa ni kutafuta kiasi gani, kwa nani, na kwa hatari ipi.

Kuna mfano wa pili ambao huwa nausimulia mara chache, ingawa naona ni mzuri zaidi. Mwaka 1835 wanakemia walitoa katika magome ya mizizi ya mtofaa, yaani mti wa tufaha (apple), kitu kichungu walichokiita florizini. Baadaye katika karne hiyo daktari Mjerumani Joseph von Mering alionyesha kwamba florizini humfanya mnyama atoe sukari kwa mkojo. Kwa miaka mingi jambo hilo lilionekana kuwa ni kasoro. Ilichukua zaidi ya karne moja kufahamika kwamba figo zina mlango maalumu wa kurudisha sukari mwilini na kwamba florizini huuzuia mlango huo, na kutokana na ufahamu huo zikatengenezwa dawa kama dapagliflozini, ambazo leo hutumika kushusha sukari na pia kulinda figo na moyo wa mgonjwa. Hakuna mtu anayetibiwa kisukari kwa kutafuna magome ya mtofaa. Hata hivyo, bila magome yale, tusingekuwa na dawa hizi.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma kuhusu uwatu, nilisoma nikiwa na swali la muuguzi: kiasi gani? Mwaka 1990 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Lishe ya India, mjini Hyderabad, walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza unga wa uwatu uliotolewa mafuta, gramu 100 kwa siku, kwa siku 10, huku wakiendelea na insulini yao. Sukari yao ya kabla ya kula ilishuka, na sukari iliyotoka kwa mkojo kwa saa 24 ilipungua kwa asilimia 54. Ni matokeo ya kutia moyo kweli. Lakini gramu 100 ni kiasi kikubwa kwa mtu kukila kila siku, na vijiko viwili vya mama havifiki gramu 10. Namna uwatu unavyofanya kazi inaeleza kwa nini kiasi ni muhimu: ule ute unaovutika katika bilauri ni nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo tumboni huufanya mlo kuwa mzito na kuchelewesha wanga kugeuka sukari na kuingia katika damu. Ute mchache huchelewesha kidogo. Tena huchelewesha chochote kilichomo tumboni, vidonge vikiwemo, ndiyo maana mama hushauriwa asivimeze pamoja na uwatu.

Karela ni habari ndefu zaidi, na uchungu wake umeipa heshima ambayo pengine imezidi ushahidi. Kuna kemikali kadhaa ndani yake ambazo hushusha sukari katika wanyama wa maabara. Kwa watu, jaribio mojawapo lililofanywa vizuri ni la Thailand, lililochapishwa mwaka 2011, ambalo liliwagawa wagonjwa wapya wa aina ya pili katika makundi kwa wiki nne: miligramu 2,000 za karela iliyokaushwa kwa siku zilishusha sukari kwa kiasi fulani, lakini kidogo kuliko miligramu 1,000 za metformini, na viwango vya chini zaidi vya karela havikuonyesha tofauti ya maana. Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua majaribio ya tiba, wa mwaka 2012, uliokusanya majaribio yaliyokuwepo wakati huo, ulihitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuipendekeza karela kuwa tiba. Mimi naipenda karela kama mboga: ikatwe vipande vyembamba, itiwe chumvi, ikamuliwe maji yake, kisha ikaangwe na kitunguu kingi na nyanya. Mtu anayeila hivyo mara mbili kwa wiki anakula mboga nzuri. Mtu anayekunywa juisi yake bilauri nzima kila asubuhi huku anatumia glibenklamidi, kidonge kingine cha kushusha sukari, anajiweka katika hatari ya sukari kushuka ghafla, na kushuka huko huua kwa haraka kuliko kupanda.

Mdalasini nitaupitia upesi. Utafiti wa Pakistan wa mwaka 2003, wenye washiriki 60, ulionyesha sukari ya kabla ya kula ikishuka kwa kati ya asilimia 18 na 29 baada ya siku 40, na habari zake zikaenea dunia nzima. Majaribio yaliyofuata hayakukubaliana nao, na mwaka 2012 Cochrane ilipochambua majaribio 10 haikuona ushahidi wa kutosha. Aina ya mdalasini iitwayo kasia ina kumarini nyingi, ambayo ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu inaweza kudhuru ini. Utie katika chai kwa harufu yake, na chai hiyo iwe haina sukari.

Lipo jambo moja kuhusu chupa zisizo na karatasi ambalo kila familia inapaswa kulijua. Mwaka 2008 huko Singapore zaidi ya watu 100 ambao hawakuwa na kisukari walifikishwa hospitalini sukari yao ikiwa imeshuka vibaya, na wanne wakafariki. Baadhi yao walisema walikuwa wametumia dawa haramu za nguvu za kiume, na baadhi ya dawa hizo zilipopimwa zilikutwa zimechanganywa na glibenklamidi. Dawa ya chupa ikishusha sukari kwa kasi ya ajabu katika siku mbili, huenda kinachofanya kazi si mzizi.

Sisemi haya kwa kuwadharau wanaotafuta. Mwaka 2011 nchi yetu ilishuhudia misururu ya magari ya kilomita nyingi ikielekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye alitoa kikombe cha dawa ya mti kwa shilingi 500 kwa watu wenye maradhi mengi sugu, kisukari kikiwa mojawapo. Nilizijua familia zilizouza mbuzi ili zipate nauli. Mtu ambaye ameambiwa kwamba atameza vidonge hadi kufa, tena na mhudumu mwenye dakika tatu tu za kuzungumza naye, ana haki ya kutamani kitu kinachonywewa mara moja kikamaliza kazi. Haja hiyo ni kubwa na ya kweli, na hospitali zetu zinapaswa kuijibu kwa maelezo na kwa subira.

Sasa niingie mahali ambapo mimea ina nguvu iliyo kubwa kuliko ile ya chupa, nako ni kwenye sahani.

Daktari Hugh Trowell, Mwingereza, alifika Kenya mwaka 1929, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Alipoanza, kisukari kilikuwa nadra kati ya wagonjwa wake Waafrika, na alipoondoka mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akikiona mara kwa mara mjini. Baada ya kustaafu, kwa kushirikiana na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji ambaye naye alikuwa amefanya kazi Mulago, alijenga hoja kwamba kinachopotea katika chakula cha mjini ni nyuzinyuzi, yale makapi ya nafaka, kunde na mboga ambayo mashine za kukoboa huyatupa. Mwaka 1975 aliichapisha hoja hiyo kuhusu kisukari. Wataalamu wameikosoa na kuirekebisha tangu hapo, kwa kuwa pamoja na nyuzinyuzi kuna uzito wa mwili, kukaa bila kutembea, urithi na mengine, lakini kiini chake kimesimama. Mimi hufikiri juu ya jambo moja kila ninapoisoma: somo hilo ambalo dunia nzima hulinukuu lilianzia katika vyungu vya Afrika Mashariki, vya mama zetu na bibi zetu.

Hali yetu wenyewe imebadilika mno. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa asilimia 0.87 tu ya waliopimwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64 wa mjini na vijijini, ulikuta asilimia 9.1. Umri wa waliopimwa na njia za kupima hazikulingana, hivyo tarakimu hizi hazifai kugawanywa moja kwa nyingine, lakini mtu yeyote aliyekaa katika benchi la kliniki ya sukari siku ya Jumatatu anajua mwelekeo wake.

Baada ya kutoka hospitalini, mama na mimi tulinunua daftari la kurasa 96 na tukaanza kupima. Kwa wiki tatu tulipima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, na tukaandika chakula kilicholiwa kwa majina yake yote. Vijiti vya kupimia ni ghali, na najua si kila nyumba inaweza kufanya hivyo, lakini hata siku tano tu za kupima kwa makini hufundisha. Wali wa nazi na samaki, sahani ya kawaida ya mama, ulimfikisha milimoli 14.2. Ugali wa sembe na tembele, 13.6. Siku tuliyopunguza ugali hadi ukubwa wa ngumi yake, tukautengeneza kwa dona, na tukajaza nafasi iliyobaki kwa kunde na mchicha, mashine iliandika 9.4. Tulirudia mlo huo mara nne, na haukuwahi kuzidi 10.5. Mama aliitazama mashine kama mtu anayesomewa barua, kisha akasema, "Kumbe ni kunde." Ni vipimo vya mwili wa mtu mmoja, na mwili wa mwingine utaandika vingine, lakini kwake yeye vilikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote.

Nami nilitamani kujua kama kunde zina ushahidi unaozidi daftari letu. Zinao. David Jenkins wa Toronto, ambaye yeye na wenzake ndio waliobuni mwaka 1981 kipimo cha kasi ya kila chakula kupandisha sukari, alichapisha mwaka 2012 jaribio la watu 121 wenye kisukari aina ya pili. Nusu yao waliambiwa waongeze angalau kikombe kimoja cha jamii ya kunde kwa siku, na baada ya miezi mitatu HbA1c yao, yaani wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, ilishuka kwa pointi 0.5 za asilimia. Waliopewa ngano isiyokobolewa walishuka kwa 0.3. Kabla yake, mwaka 2006, Neal Barnard na wenzake huko Marekani walikuwa wamewafuatilia watu 99 kwa wiki 22, kundi moja likila vyakula vya mimea pekee visivyo na mafuta mengi na jingine likifuata mwongozo wa kawaida wa kisukari. Asilimia 43 ya kundi la mimea walipunguza dawa zao, dhidi ya asilimia 26 ya kundi la pili. Ieleweke kwamba walizipunguza chini ya uangalizi wa madaktari, sukari ikiwa imepimwa kwanza.

Kwa mtu wa pwani, habari hizi hazihitaji chakula kigeni hata kimoja. Mbaazi tunazo, na zikipikwa kwa nazi nyepesi hazipungukiwi na kitu. Kuna choroko, kunde, maharagwe, njugu mawe. Kuna mkate wa mofa wa unga wa mtama, ambao vijana wengi siku hizi wanausikia kwa jina tu. Kuna kisamvu, matembele, mchicha, mnavu, majani ya mlonge, ambayo napenda yaliwe kama mboga badala ya kununuliwa kama unga wa bei ya dhahabu katika vichupa. Ubuyu nao una nyuzinyuzi nyingi zinazoyeyuka, lakini ninaomba tusidanganyane: ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko, uliopikwa kwa sukari na rangi, ni peremende. Na dona lisigeuzwe kuwa kinga. Bonge la ugali wa dona la ukubwa wa bakuli litapandisha sukari kama lile la sembe, kwa kuchelewa kidogo tu.

Kuhusu madhara yanayofuata baada ya miaka, yaani miguu, figo, macho na mishipa ya fahamu, mimea inadai uangalifu mkubwa zaidi, na hapa sitaandika kwa haraka.

Kidonda cha mama kilitibiwa kwa wiki tisa. Katika wiki ya pili, shangazi alileta papai bichi. Papai bichi lina papaini, kimeng'enya kinachomeng'enya nyama iliyokufa, na katika hospitali ya Banjul nchini Gambia, madaktari waliandika mwaka 1999 juu ya kutumia papai lililopondwa katika vidonda vya moto vya watoto. Shangazi hakuwa amekosea kuhusu tunda. Lakini wale watoto walikuwa wodini, mikononi mwa wauguzi wanaofungua kidonda kila siku na kujua nyama hai inaishia wapi, wakati mama alikuwa na mguu usiosikia maumivu, wenye damu inayopita kwa shida. Nilimshukuru shangazi kwa heshima zote, papai likapokelewa lakini halikutumika. Hapa Tanzania Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wamefundisha kwa miaka mingi kwamba mguu wa mwenye kisukari unaokolewa kwa kuangaliwa kila siku, kwa viatu vinavyofaa, na kwa kufika kliniki mapema, kidonda kikiwa bado ni kidogo. Mama sasa huangalia nyayo zake kwa kioo cha mkononi kila jioni kabla ya kuloweka uwatu.

Pilipili inanipa matumaini. Wenye kisukari wengi huamka usiku miguu ikiwaka kama imekanyaga makaa, kwa sababu mishipa ya fahamu imeharibika. Kile kiwashacho katika pilipili, kapsaisini, kikikaa juu ya ngozi kwa kiasi kikubwa huzichosha ncha za mishipa hiyo hadi zinyamaze. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha bandiko lenye asilimia 8 ya kapsaisini kwa maumivu ya miguu ya kisukari, linalobandikwa na mtaalamu. Asithubutu mtu kujipaka pilipili ya kusaga nyumbani: mguu uliokufa ganzi utaungua bila mwenyewe kujua.

Na kuna mabilimbi. Uani kwetu pana mbilimbi ambao babu aliupanda, na hakuna mchuzi wa samaki nyumbani usiotiwa matunda yake. Vipimo vya mama vilipoonyesha protini katika mkojo, dalili kwamba figo zimeanza kuathirika, jirani alimshauri anywe juisi ya mabilimbi kila asubuhi, akisema inakata mafuta na sukari. Kwa bahati nilikuwa nimesoma taarifa ya madaktari wa Kerala, India, ya mwaka 2013, kuhusu watu 10 waliokunywa juisi ya tunda hilo hilo ili kushusha lehemu na figo zao zikashindwa ghafla, kwa kuwa oksaleti, kemikali iliyojaa katika bilimbi, ilizidi uwezo wa figo kuitoa. Baadhi yao walihitaji kusafishwa damu kwa mashine. Mabilimbi mawili katika sufuria ya mchuzi wa watu sita ni kiungo. Mabilimbi 20 katika bilauri moja, tumboni kukiwa kitupu, ni kitu kingine kabisa. Vivyo hivyo ndizi, viazi na maji ya madafu, ambavyo mwenye figo nzima hunufaika navyo kwa potasiamu yake, vinaweza kuuvuruga moyo wa mtu ambaye figo zake haziwezi tena kuiondoa potasiamu hiyo. Ndiyo maana orodha za "vyakula vya mgonjwa wa sukari" zinazosambazwa bila kumjua mgonjwa hunitia hofu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama kliniki. HbA1c yake imekuwa chini ya asilimia 7.5 kwa mwaka wa pili sasa, akiwa na metformini, kunde na bilauri yake, na mimi sina njia ya kujua uwatu umechangia kiasi gani katika hesabu hiyo. Daktari alikuwa mgeni, kijana, na alipolipitia daftari aliona mstari ambao mama huuandika kila siku chini ya vidonge: "uwatu, alfajiri." Akamuuliza kwa upole, "Mama, uwatu huu unatumia kiasi gani?" Mama alifungua mkoba wake, akatoa kijiko cha chai kilichofungwa katika leso, akakiweka juu ya meza, akasema, "Hiki. Viwili, vya kusawazisha."